Kupima Kloridi kwa Elektrodi Teuzi ya Ioni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wahudumu wa maabara, wanafunzi walio katika mafunzo ya kazini, wahandisi wa ujenzi na wenye visima hapa Nairobi. Majibu yametolewa na mtu ambaye amefanya kazi na elektrodi hii kwa miaka mingi na angependa ieleweke vyema kabla haijalaumiwa.

Je, elektrodi ya kloridi hupima nini hasa?

Hupima volteji, yaani tofauti ya umeme kati ya elektrodi yenyewe na elektrodi rejea, ambayo volteji yake haibadiliki, iliyotumbukizwa kando yake katika bika lile lile. Kwenye ncha ya elektrodi pana utando mgumu, mfano wa kidonge kilichoshindiliwa, uliotengenezwa kwa kloridi ya fedha na salfidi ya fedha. Salfidi hupitisha umeme kwa njia ya ioni za fedha, na kloridi ya fedha huufanya utando uitikie kloridi iliyomo majini. Kwa kuwa ioni ya kloridi ina chaji hasi, volteji hushuka kadiri kloridi inavyoongezeka. Mkemia Mjerumani Walther Nernst, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, ndiye aliyeueleza uhusiano huu kwa hesabu mnamo 1889: kila ukolezi unapozidishwa mara kumi, volteji hubadilika kwa kiasi kile kile, ambacho kwa ioni yenye chaji moja ni milivolti 59.16 kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi.

Jambo hili lina maana kubwa kwa kazi ya kila siku. Uhusiano ni wa logi, kwa hiyo kosa la milivolti moja huleta kosa la takribani asilimia 4 katika jibu, liwe jibu ni miligramu 20 au miligramu 2,000 kwa lita. Mita inayoonyesha tarakimu nyingi baada ya nukta haikuahidi chochote zaidi ya hapo.

Kloridi na klorini ni kitu kimoja?

Hapana. Klorini ni dawa inayotiwa majini ili kuua vijidudu, nayo hupungua kadiri saa zinavyopita. Kloridi ni ile nusu ya chumvi inayobaki majini siku zote, haichemki ikaondoka wala haivukizwi. Mteja anapoleta maji na kusema “nipimieni klorini”, muulize kwanza anataka kujua nini, kwa sababu kipimo cha dawa ya kuua vijidudu hufanywa kwa njia nyingine kabisa, tena papo hapo penye bomba. Kumbuka pia kwamba dawa za kung’arisha nguo, kama vile Jik, huwa na klorini na kloridi pamoja. Chupa ya sampuli iliyosafishwa kwa dawa hiyo bila kusuuzwa vya kutosha itakupa kloridi ambayo haikutoka kisimani.

Kwa nini nisitumie nitrati ya fedha na bureti kama tulivyofundishwa chuoni?

Unaweza, na mara nyingine ni bora. Njia aliyoieleza Karl Friedrich Mohr mwaka 1856, ya kudondosha nitrati ya fedha hadi kromati igeuke rangi kuelekea wekundu, ni sahihi sana kwa maji meupe yenye kloridi ya wastani, na mtu mwenye mkono mtulivu atapata tofauti ya chini ya asilimia moja kati ya kipimo na kipimo. Elektrodi haiwezi kushindana nayo hapo. Hata hivyo, maji yakiwa na rangi ya chai, yakiwa na tope, au ikiwa ni maziwa, mchuzi wa soseji au maji machafu ya kiwandani, jicho halioni tena rangi inapogeuka, ilhali elektrodi haijali rangi. Aidha, nitrati ya fedha ni ghali, na kromati ni sumu isiyofaa kumwagwa kwenye sinki. Rai yangu ni kwamba maabara yenye sampuli nyingi za aina mbalimbali itumie elektrodi, kisha siku moja moja ipime sampuli ile ile kwa bureti ili kujihakikishia.

Je, naweza kutayarisha myeyusho sanifu, yaani wenye kiasi cha kloridi kinachojulikana, kwa chumvi ya mezani?

Usifanye hivyo. Chumvi ya dukani nchini Kenya hutiwa madini ya iodini kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi huwa na viungo vya kuizuia isigandamane, mbali na unyevu. Tumia kloridi ya sodiamu safi ya maabara, uikaushe kwenye tanuri kwa nyuzi 140, uiache ipoe ndani ya chombo kisichoingiza unyevu, kisha upime gramu 1.648 na kuzikamilisha kuwa lita moja kwa maji yaliyokenekwa. Hapo una miligramu 1,000 za kloridi kwa lita. Kutoka hapo chota mililita 10 kwa pipeti hadi chupa ya ujazo ya mililita 100 ili kupata 100, na urudie ili kupata 10. Andika tarehe kwenye chupa.

Elektrodi husawazishwaje, na nitajuaje kwamba iko sawa?

Swali hili ndilo kiini cha kazi yote, kwa hiyo nitalijibu kwa mfano.

Tuseme asubuhi umepima miyeyusho sanifu mitatu ukianza na mwepesi. Ule wa 10 umesoma milivolti 232.0, wa 100 umesoma 175.5, na wa 1,000 umesoma 118.2. Tofauti ya hatua ya kwanza ni 56.5 na ya pili ni 57.3. Huo ndio mteremko wa elektrodi, na ukiwa kati ya 54 na 60 kwa kila mara kumi, elektrodi ni nzima. Ukishuka hadi 50 au chini ya hapo, acha kupima na utafute sababu: huenda utando umechafuka, huenda myeyusho sanifu umeharibika, au elektrodi rejea imekauka.

Sasa sampuli ya kisima fulani inasoma 151.0. Iko kati ya 100 na 1,000, kwa hiyo unatoa 151.0 kutoka 175.5, unapata 24.5, unagawanya kwa 57.3, unapata 0.4276, na antilogi yake ni 2.68. Ukizidisha kwa 100, kloridi ni takribani miligramu 268 kwa lita. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaweka kikomo cha 250. Maji hayo yamevuka kikomo.

Hata hivyo, elektrodi ikiwa imesogea kwa milivolti mbili tu tangu asubuhi, yaani volteji halisi ni 153.0, jibu linakuwa 247 na maji yale yale yanapita. Milivolti mbili zimegeuza hukumu ya kisima cha watu, na mita haikutoa onyo lolote. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba myeyusho sanifu wa 100 upimwe tena baada ya kila saa mbili, au baada ya kila sampuli kumi, na ukisogea zaidi ya milivolti mbili usawazishe upya na kuzirudia sampuli zilizopita tangu kipimo cha mwisho kilichokubalika. Sampuli inayoangukia karibu na kikomo ipimwe mara tatu, na ikiwezekana ithibitishwe kwa bureti.

Ule myeyusho wa ISA ni wa nini? Naweza kuuacha?

Utando huitikia uamilifu wa ioni, yaani kiasi cha kloridi kinachojisikia kuwa huru, na uamilifu huo hupungua maji yanapojaa chumvi nyinginezo. Ukitia ISA, yaani kirekebisha nguvu ya ioni, ambayo hapa ni nitrati ya sodiamu ya moli 5 kwa lita, kwa kiwango cha mililita 2 katika kila mililita 100, kwenye miyeyusho sanifu na kwenye sampuli zote bila kubagua, unazifanya zote zifanane kwa nguvu ya ioni, na hapo unaweza kulinganisha ukolezi na ukolezi. Usiuache.

Tahadhari moja imenigharimu siku nzima. Maabara nyingi hapa Nairobi zina elektrodi ya floridi, kwa kuwa visima virefu vingi vya eneo hili vina floridi nyingi, na kando yake huwekwa bafa ya floridi inayoitwa TISAB. Niliwahi kuitwa katika maabara moja ambako sampuli kumi na mbili kutoka visima tofauti kabisa zilikuwa zikisoma namba ile ile, na mhudumu alikuwa ameshaamua kwamba elektrodi imekufa. Nilipoiinua chupa aliyokuwa akiitumia, nikaona lebo ya TISAB. Bafa hiyo hutayarishwa kwa takribani gramu 58 za kloridi ya sodiamu kwa lita. Ukichanganya nusu kwa nusu na sampuli, unaongeza zaidi ya gramu 17 za kloridi kwa kila lita, na kloridi ya kisima chenyewe inazama humo bila kuisogeza sindano hata kwa milivolti moja. Elektrodi ilikuwa nzima kabisa. Tulitayarisha nitrati ya sodiamu, na saa kumi jioni kila kisima kilikuwa na namba yake.

Elektrodi rejea ijazwe na nini?

Chemba ya nje ijazwe nitrati ya potasiamu, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10. Isijazwe kamwe kloridi ya potasiamu, kwa sababu elektrodi rejea huvuja kidogo kidogo, na itakuwa inamwaga kloridi ndani ya sampuli unayoipima. Kwa sababu iyo hiyo, usipime pH kwanza katika bika lile lile: elektrodi ya pH huhifadhiwa ndani ya kloridi ya potasiamu na huja nayo. Gawa sampuli katika mabika mawili.

Hali ya hewa ya Nairobi huathiri vipimo?

Mwinuko hauna neno. Baridi ndiyo yenye neno. Asubuhi ya Julai maabara inaweza kuwa na nyuzi 18, na mteremko kamili wa kinadharia kwenye joto hilo ni 57.8 badala ya 59.2. Hilo peke yake si tatizo, mradi miyeyusho sanifu na sampuli ziwe na joto moja. Tatizo huja sampuli zinapotolewa kwenye jokofu na kupimwa mara moja, au unaposawazisha saa mbili asubuhi na kupima saa nane mchana jua likiwa limeshapasha dirisha. Weka sampuli zote mezani usiku kucha pamoja na miyeyusho sanifu.

Kuna joto jingine lisiloonekana, nalo ni la kikorogeo cha sumaku. Injini yake hupasha sahani ya juu, na bika lililokaa hapo dakika kumi huwa na vuguvugu ukiligusa. Kipande cha kadibodi au sponji chini ya bika kinatosha kulizuia. Korogeo liende polepole na kwa kasi ile ile kwa kila bika, na uitumbukize elektrodi kwa mshazari kidogo ili kiputo cha hewa kisinase chini ya utando. Namba zinazorukaruka bila kutulia mara nyingi ni kiputo tu.

Ni vitu gani huidanganya elektrodi?

Ni ioni zile zinazoshikana na fedha kwa nguvu kuliko kloridi inavyoshikana nayo. Salfidi, sianidi na iodidi ndizo hatari zaidi, hata zikiwa chache mno, kwa sababu hubadilisha uso wa utando wenyewe. Thiosulfati, amonia na bromidi huvumilika kwa kiasi. Bromidi huanza kuleta kosa inapofikia takribani moli 3 kwa kila moli 1,000 za kloridi. Maji ya bahari yana nusu ya kiasi hicho, kwa hiyo sampuli kutoka Mombasa inaweza kupimwa bila hofu kwa upande huo. Nitrati, salfati na fosfati haziidhuru, na pH kati ya 2 na 12 inakubalika.

Sampuli iliyonisumbua kuliko zote ni maji machafu ya viwanda vya ngozi. Humo kloridi ni nyingi kweli, kwa kuwa ngozi mbichi huhifadhiwa kwa chumvi, lakini salfidi nayo ni nyingi, kwa kuwa hutumika kuondolea manyoya. Ukitumbukiza elektrodi moja kwa moja, milivolti hushuka bila kukoma, na ukiitoa utaona uso wa utando umekuwa mweusi kama masizi. Harufu ya yai bovu ndiyo ishara ya kukuzuia kabla ya kosa. Ondoa salfidi kwanza kwa kuongeza hidrojeni peroksidi katika sampuli isiyo na asidi, ukikoroga ndani ya kabati la kutolea hewa, na upime harufu ikishaisha. Usitie asidi kabla salfidi haijaisha, kwa kuwa gesi itakayotoka ni sumu ya kuua.

Kiasi kidogo kabisa kinachopimika ni kipi?

Takribani miligramu 2 kwa lita. Chini ya hapo utando wenyewe huyeyuka kidogo na kutoa kloridi yake, kwa hiyo mstari hupinda na mteremko hufa. Maji ya mfereji wa jiji, ambayo sehemu kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini, huwa na kloridi kidogo, na kwa sampuli kama hizo ni lazima uongeze myeyusho sanifu wa miligramu 5 katika usawazishaji na uvumilie dakika kadhaa namba itulie. Usipime maji mepesi mara tu baada ya maji mazito.

Sampuli yangu ni nzito na sijui ina nini ndani. Nifanyeje?

Tumia njia ya kuongeza kiasi kinachojulikana. Pima mililita 100 za sampuli na uandike volteji, kisha ongeza mililita 5 za myeyusho wa miligramu 1,000 na usome tena. Volteji ikishuka kwa milivolti 16.0 na mteremko wako ukiwa 57, gawanya 16.0 kwa 57, chukua antilogi upate 1.909, zidisha kwa 105, toa 100, na ugawanye 5,000 kwa kile kilichobaki. Jibu ni takribani miligramu 49.8 kwa lita. Uzuri wa njia hii ni kwamba sampuli inajisawazisha yenyewe, uzito wake wote ukiwemo. Kiasi unachoongeza kikaribie kuifanya kloridi iwe maradufu, kwa maana ukiongeza kidogo mno tofauti ya volteji itakuwa ndogo na kosa litakuwa kubwa.

Mashine ya hospitali inayopima kloridi ya damu hutumia elektrodi hii?

Kanuni ni ileile, ingawa nyingi hutumia utando wa plastiki wenye kibadilishaji ioni mahali pa kidonge cha fedha. Kwa mtu mzima kloridi ya damu huwa karibu milimoli 98 hadi 107 kwa lita, na milimoli moja ni miligramu 35.45. Udhaifu wa bromidi upo hapa pia: mgonjwa anayetumia dawa yenye bromidi, kama pairidostigmini, anaweza kuonekana ana kloridi nyingi isiyokuwepo. Katika uchunguzi wa ugonjwa wa sistiki faibrosisi hupimwa jasho, na kloridi ya milimoli 60 au zaidi kwa lita huashiria ugonjwa huo.

Sisi ni wajenzi. Kwa nini mhandisi anadai kipimo cha kloridi?

Kloridi hupenya kwenye zege na kuvunja tabaka jembamba linalozilinda nondo zisishike kutu. Kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Kiwango cha Ulaya EN 1008 hakiruhusu maji ya kuchanganyia zege lenye nondo yavuke miligramu 1,000 kwa lita, na kwa nondo zilizovutwa kwa nguvu kikomo ni 500. Kwa zege lililokwisha kumwagwa hutobolewa unga, ukapimwa uzito na kuyeyushwa kwa asidi ya nitriki, kamwe si ya hidrokloriki. Miyeyusho sanifu nayo itiwe asidi ile ile kwa kipimo kile kile. Jibu hutolewa kama asilimia ya uzito wa saruji, na vikomo vya kawaida kwa zege lenye nondo ni 0.20 na 0.40. Mchanga wa mito tunaoutumia Nairobi kwa kawaida si wa kutia hofu, lakini mchanga wa pwani usitumiwe kabla ya kupimwa.

Elektrodi itunzwe vipi?

Suuza kwa maji yaliyokenekwa na ukaushe kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua. Kati ya vipimo iache ndani ya myeyusho mwepesi wa kloridi, na usiku iwekwe kavu, kofia ikiwa imefunikwa, mbali na jua kali. Mteremko ukishuka, lowesha kipande cha karatasi ya kung’arishia, ile laini kabisa ya unga wa aluminiamu, usugue utando kwa mduara kama nusu dakika, kisha uuloweke dakika kadhaa katika myeyusho sanifu kabla ya kusawazisha. Msasa wa fundi seremala utauharibu kabisa.

Niandike nini kwenye daftari?

Andika milivolti kwanza, kabla ya miligramu. Mita nyingi za siku hizi hukokotoa jibu zenyewe na kuficha volteji, na mhudumu akiandika jibu pekee hakuna atakayeweza kulirudia endapo itagundulika baadaye kwamba usawazishaji ulikuwa mbovu. Kwa kila sampuli andika volteji, joto, saa, mteremko wa siku hiyo, kiasi cha ISA kilichotiwa na kiasi ulichozimulia. Jibu lenyewe litolewe kwa tarakimu mbili za maana, au tatu kama umerudia kipimo mara tatu. Kile kisima cha mfano wetu kiandikwe 270, pamoja na 151.0 yake kando.